Kosa la Nne la Delmar Kubik

Ukimwazima Delmar Kubik msumeno, anakurudishia akiwa ameshaunoa. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila aliyesimama kumtetea mahakamani alianza hivyohivyo, na kila mara jaji aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu, kisha akampa adhabu yake.

Tumefanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha jibini hapa Kolberg, kaskazini mwa Wisconsin, miaka mingi kiasi kwamba asubuhi tulikuwa hatusalimiani tena, tunatazamana tu. Yeye alisimamia mapipa ya maziwa. Hakuwahi kunywa kazini, hakuwahi kuchelewa, na maziwa hayakuwahi kuharibika mikononi mwake. Hakuoa. Aliishi na mama yake, Bi. Adeline, mjane aliyekwisha kupita miaka themanini, kwenye nyumba ya mbao yenye sanamu ya Bikira Maria uani. Sanamu imesimamishwa ndani ya hodhi la kuogea lililofukiwa nusu, likawa kama kibanda chake. Nyumba nyingi za mtaa ule zina Maria kama huyo.

Kolberg ina kanisa la Wakatoliki, kanisa la Walutheri, na baa tatu. Basi hatuna, na teksi hatuna. Ukienda baa unaenda na gari lako, na ukimaliza unalikuta linakusubiri.

Kosa lake la kwanza alilifanya akitoka harusini kwa binamu yake. Hapa kwetu kuendesha umelewa kwa mara ya kwanza si jinai. Unalipa faini kama mtu aliyepita taa nyekundu, leseni inapumzishwa kidogo, basi. Polisi aliyemsimamisha alisoma naye darasa moja, na alimwomba radhi huku akimwandikia. Ijumaa iliyofuata Delmar alipoingia baa ya Rollie Teske kula samaki, Rollie alimwekea brandi ya bure mbele yake.

"Karibu chamani," Rollie akamwambia. "Nilikuwa naanza kudhani wewe ni mlokole."

Rollie ni mtu mnene, mpole, asiyemtakia mtu mabaya hata siku moja. Ukutani kwake alikuwa na bango linalowaasa wateja waendeshe kwa uangalifu. Alipewa na kampuni ya bia.

Kosa la pili lilikuja miaka mitatu baadaye, nalo lilimpeleka jela ya kaunti kwa siku chache. Lakini hata jela yenyewe ina huruma zake: mtu mwenye kazi anaruhusiwa kutoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni kulala. Mimi ndiye niliyekuwa nampitia pale getini.

"Vipi humo?" nilimwuliza siku ya kwanza.

"Si pabaya," akasema. "Wanazima taa mapema. Ila viazi hawajui kupika."

Watu kiwandani walimtania kwamba amehamia hotelini. Hakuna aliyemwambia jambo lolote zaidi ya hilo, nami pia sikumwambia.

La tatu ndilo lililoleta kidude. Siku hiyo alikuwa ametoka kuangalia mechi kwa Rollie, mchana kweupe, akaingiza gari mtaroni mbele ya shule. Ilikuwa Jumapili, watoto hawakuwepo. Jaji Halvorsen, mwanamke mrefu asiye na papara, alimpa miezi jela kwa utaratibu uleule wa kutoka mchana, na leseni ilipokaribia kurudi akaamuru gari lake lifungwe kidude cha kupulizia. Kinafungwa karibu na usukani. Kabla ya kuwasha gari unakipulizia pumzi ndefu. Kikinusa pombe, gari haliwaki, tena kinakupiga picha na kupeleka habari kortini. Na ukiwa njiani kinalia ghafla, kinataka upulize tena.

Tatizo likawa Bi. Adeline. Gari lilikuwa moja, na yeye ndiye aliyekuwa akilitumia kwenda kanisani. Maisha yake yote hajanywa zaidi ya kikombe cha divai siku ya Krismasi. Lakini kifua chake ni kibovu, na kidude kile kinataka pumzi ya mpiga tarumbeta. Jumapili ya kwanza Delmar alimwashia gari nyumbani, akaenda vizuri. Misa ilipokwisha akakaa ndani ya gari, akapuliza. Kidude kikasema pumzi haitoshi. Akapuliza tena. Waumini wakapita wakimpungia mkono, wakidhani anasali. Mwisho Padri Wendell akatoka, akamkuta mama wa watu amekuwa mwekundu kama nyanya.

"Mama, kuna nini?"

"Hiki kitu hakinitaki, Padri. Hebu nisaidie wewe una kifua."

Padri Wendell, ambaye zamani alikuwa mwimbaji, akainama dirishani, akavuta pumzi na kupuliza kwa moyo wote. Alisahau kwamba dakika chache kabla alikuwa amemaliza divai iliyobaki kwenye kikombe cha misa, kama padri anavyotakiwa. Kidude kikalia king'ora. Gari likajifunga. Kikapiga picha.

Wiki mbili baadaye Delmar aliitwa kortini kueleza kwa nini amejaribu kuendesha akiwa amelewa Jumapili asubuhi, mbele ya kanisa, akiwa amevaa kola ya upadri. Tulijaa mle ndani. Jaji Halvorsen aliinua picha.

"Padri, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Na ulikuwa umekunywa."

"Kwa imani yetu, Mheshimiwa, ile haikuwa pombe tena."

Jaji, ambaye ni Mlutheri, alitazama karatasi zake kwa muda. "Inaonekana kidude hakijabatizwa," akasema, na kesi ikafutwa. Ila aliagiza kwamba kuanzia siku hiyo asikipulizie mtu mwingine yeyote isipokuwa Delmar na mama yake.

Kwa hiyo Delmar akalazimika kwenda misa kila Jumapili, kusudi ampulizie mama gari la kurudi. Padri Wendell alikuwa amemwombea kwa miaka ishirini arudi kanisani, na hakuficha kwamba njia aliyoitumia Mungu ilimwaibisha kidogo.

Sasa, kidude kinakodishwa, na wakili aliyemtetea kosa la tatu alikuwa bado anamdai. Ndipo Rollie alipopata wazo la harambee. Tangazo lilibandikwa benki, dukani, na kwenye mlango wa kanisa: *Tumsaidie Delmar, Jumapili baada ya misa, baa ya Rollie, mchuzi wa kuku, muziki wa kodiani, bia mpaka jioni.* Nalisoma tena leo kichwani naliona lilivyo. Wakati ule sikuona kitu. Hakuna aliyeona. Mimi nilikuwa mpishi. Nilisimama nje kwenye sufuria kubwa kama pipa, na kasia la kukorogea, mchuzi ukichemka tangu alfajiri, na kila aliyepita alisema Delmar ana bahati kuzaliwa mji wenye upendo.

Padri alifungua kwa sala, akaondoka mapema. Bi. Adeline alikula bakuli moja, akasifu chumvi, akaomba apelekwe nyumbani. Delmar alibaki. Ilikuwa sherehe yake, na mtu hawezi kukataa glasi kwenye sherehe iliyofanywa kwa ajili yake. Kila aliyechanga alitaka kugonganisha naye. Ukiwakataa watu waliotoa hela zao kwa ajili yako, unaonekana huna shukrani.

Mchana ukaja wakati wa bahati nasibu. Zawadi kubwa ilikuwa bunduki mpya ya kuwindia kulungu. Rollie akachanganya karatasi ndani ya ndoo, akachota, akasoma, akasoma tena. Alikuwa Delmar.

Hata sasa siamini kama kulikuwa na ujanja. Watu walishangilia mpaka mpiga kodiani akaacha kupiga. Delmar alipokea bunduki kama mtu anayekabidhiwa mtoto wa kubatiza. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Ngoja nikamwonyeshe Mama," akasema. "Narudi sasa hivi."

Gari lake mwenyewe lisingewaka, hilo alilijua. Lakini pikapu ya Rollie ilikuwa imesimama karibu na sufuria yangu, funguo ndani, kama funguo za kila mtu hapa zinavyokaa ndani. Nyumbani kwao si mbali. Aliweka bunduki kwenye kiti cha pembeni, akaifunga mkanda. Yeye mwenyewe hakufunga. Watu walitoka nje kumsindikiza kwa makofi.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Bi. Adeline mwenyewe, na anayesema kwamba mama yule anatia chumvi hamjui. Alikuwa na kiti chake cha bati uani, kando ya Maria, ambapo hukaa mchana na rozari yake na redio ndogo. Jua lilipopungua akasikia baridi kwenye mabega. Akainuka kwenda ndani kufuata sweta. Alikuwa amelishika mkononi aliposikia mshindo.

Alipotoka, pikapu ilikuwa juu ya nyasi. Maria amelala kifudifudi, hodhi limepasuka. Kiti cha bati kilikuwa chini ya tairi la mbele, kimekunjwa kama karatasi, na redio chini yake bado inaimba. Delmar ameshuka, ameshika bunduki kwa mikono miwili, anatabasamu.

"Mama, tazama nimeshinda nini."

Bi. Adeline alitazama kiti. Akatazama sweta mkononi mwake. Akarudi ndani.

Delmar akamfuata mpaka mlangoni, akamkuta ameshika simu.

"Unampigia nani, Mama?"

"Polisi."

"Mama, ni kiti tu. Nitakununulia kingine."

"Sitaki kiti," akasema. "Nataka waje wakuchukue."

Alieleza kwenye simu jina lake, jina la mwanawe, na kwamba mwanawe amelewa na amekuja na gari. Akaulizwa kama yuko hatarini. Akasema, "Nilikuwa, sasa hivi nimevaa sweta." Kisha akaiweka simu, akatoka, akakaa kwenye ngazi. Delmar akakaa pembeni yake. Walisubiri hivyo mama na mwana mpaka gari la polisi likafika. Polisi alisema alidhani wanasubiri basi, halafu akakumbuka kwamba hatuna basi.

Mji ulikasirika. Si kwa Delmar. Dukani wanawake waliosali naye Bi. Adeline tangu ujana waligeukia rafu za unga alipopita. Rollie, yule mtu mpole, alisimama nyuma ya kaunta yake akatikisa kichwa.

"Mimi simsemi vibaya mama wa mtu," akaniambia. "Lakini damu yako mwenyewe? Si angeniita mimi nikaja kuchukua gari langu, yakaisha?"

"Angekuwa amekaa kwenye kile kiti ungekuja kuchukua nini?" nikamwuliza.

Akafuta kaunta. "Hakuwa amekaa, bwana."

Kosa la nne kwetu ni jinai kubwa. Hapo ndipo sheria yetu, iliyokuwa inatabasamu muda wote, inapobadilika sura. Delmar alikiri. Wakili aliyelipwa kwa harambee alieleza kwamba mteja wake ni mtu wa watu, na kwamba ukimwazima msumeno anakurudishia umenolewa. Siku ya hukumu ilikuwa katikati ya Novemba, siku chache kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa. Nusu ya wanaume waliojaa mahakamani walikuwa wameshavaa kofia zao za kuwindia, za rangi ya chungwa.

Jaji Halvorsen alisoma taratibu. Mwaka mmoja jela ya kaunti. Delmar akaitikia kwa kichwa. Miaka mitatu chini ya uangalizi, na asionje pombe. Akaitikia. Leseni imefutwa maisha yake yote. Akaitikia, kama mtu anayesomewa orodha ya vitu vya kununua sokoni. Hatapiga kura mpaka amalize adhabu. Hilo sidhani kama hata alilisikia.

"Na kwa kuwa sasa umetiwa hatiani kwa jinai kubwa," jaji akasema, "huruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki."

Delmar akainua uso. "Mpaka lini, Mheshimiwa?"

"Hakuna mpaka lini, Bwana Kubik. Ni moja kwa moja."

"Hata msimu wa kulungu?"

Mguno ulipita ukumbi mzima. Mtu amehukumiwa mwaka jela tukakaa kimya. Lakini hili liliwaingia watu mwilini. Rollie alivua kofia yake akaiweka kifuani. Mwanamume mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba huo sasa ni ukatili.

"Sheria haijakukataza kulungu," jaji akasema. "Imekukataza bunduki."

Delmar alikaa chini. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona analia akiwa hajanywa.

Bunduki ya bahati nasibu ilirudishwa kwa Rollie. Machipuko yaliyofuata iliingia tena kwenye ndoo, kwenye harambee ya mtu mwingine, fundi mabomba, aliyekuwa na kosa lake la pili. Mchuzi nilialikwa kupika. Nilisema mgongo unaniuma.

Mwaka ule nilimpitia Delmar getini kila asubuhi, theluji au jua. Hatukuzungumza sana. Bi. Adeline alikwenda kumwona kila Jumamosi, na wenzake wa humo ndani walimtania kwamba ni mfungwa pekee anayetembelewa na shahidi wa serikali. Viazi alimpelekea, wakavizuia mlangoni.

Asubuhi moja, tukipita mbele ya shule, aliongea bila kuulizwa.

"Kile kiti nakiota."

"Kiti gani?" nikasema, japo nilijua.

"Kwenye ndoto sweta analo tayari. Amelivaa tangu asubuhi." Alitazama dirishani mpaka tukafika kiwandani. "Hana sababu ya kuingia ndani."

Hatukurudia tena mazungumzo hayo.

Alipotoka alinunua upinde. Upinde haukukatazwa, na wakili alithibitisha. Alisimamisha marobota ya nyasi kavu nyuma ya nyumba, akaanza kujifunza kama mtoto, mtu wa miaka hamsini na kitu. Watu wakasema, basi, upinde ndio utakaomtengeneza, kwa sababu unataka mkono usiotetemeka. Ni maneno mazuri, lakini msimu wa kwanza mkono wake ulikuwa imara kabisa na bado hakupata hata sungura. Msimu wa pili alimkosa kulungu aliyesimama karibu kiasi cha kumsalimia. Hakunywa. Kila Jumanne anakwenda kwenye chumba cha chini cha kanisa la Walutheri, kwenye mkutano wa walioacha pombe, na kahawa ya hapo anasema ni adhabu ambayo jaji aliisahau.

Tatizo ni Ijumaa. Ijumaa mji wote unakula samaki, na samaki wako kwa Rollie. Delmar alikaa mbali miaka yote mitatu ya uangalizi, kisha alipoumaliza akaja, akakaa mezani kwangu, akaagiza samaki, viazi, na soda ya limau. Pale ndani pakapoa. Huyu mtu aliwahi kuingiza gari mtaroni mbele ya shule, wakamwekea mkono begani. Aliwahi kupondaponda kiti cha mama yake, wakamnunia mama. Sasa ameshika soda, na watu wakashindwa kujua wamtazame wapi.

Rollie alikuja mwenyewe. "Umekasirika na nani, Delmar?"

"Sijakasirika na mtu."

"Basi kuna ubaya gani? Moja tu. Huendeshi tena, si ndiyo? Sasa hivi ndiyo ungekunywa bila wasiwasi."

Ilikuwa kweli, nadhani ndiyo maana ilichekesha. Delmar alikamulia limau samaki wake.

"Nakungoja uniletee chumvi, Rollie," akasema.

Watu wamezoea kidogo kidogo. Wengine bado wanahama meza. Mmoja, aliyekuwa ameshakunywa bia ya nne, alimwambia jioni ile kwamba anaweza kumpa lifti, asitembee bure kwenye baridi. Delmar akamshukuru, akasema anakuja kuchukuliwa.

Anayemchukua ni Bi. Adeline. Gari liliandikishwa upya kwa jina lake, kidude kikaondolewa, na sasa ana miaka themanini na sita na leseni safi kabisa. Haoni vizuri upande wa kushoto. Ameshagonga sanduku la barua la Padri Wendell mara mbili, na ubao wa Rollie unaotangaza samaki umeinama tangu Pasaka. Polisi walimsimamisha mara moja, wakamnusa, wakamtakia safari njema.

Ijumaa hiyo tulisikia honi, kisha mkwaruzo. Tulipotoka, gari lilikuwa limeegeshwa gurudumu moja juu ya ngazi ya baa. Bi. Adeline alishusha kioo.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Ingia basi."

Delmar aliingia, akafunga mkanda, akaangalia kama wa mama umefungwa, kisha akashika dashibodi kwa mikono miwili. Gari liliteremka ngazi, likayumba, likashika njia. Tulisimama tukalitazama likienda polepole, katikati kabisa ya barabara.